Homa Iliyorudi

Bwanausi alikuwa mkulima wa minazi katika kijiji cha Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo. Kila asubuhi, akisha kunywa chai, alisimama uani mbele ya kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini, akafua nazi. Mkewe, Mwanamvua, alikaa kando yake na panga. Alizipasua nazi, akamwaga maji, akazipanga juani zikauke ziwe mbata.

Walifanya kazi hiyo pamoja tangu walipooana. Hawakuwa na maneno mengi. Mmoja akichoka, mwenzake alijua.

"Baba Kibibi, pumzika," Mwanamvua alisema siku moja. "Nazi hazikimbii."

"Jua nalo halingoji," Bwanausi alijibu, akacheka.

Kibibi alikuwa mtoto wao wa pekee. Mumewe, Kitwana, alikuwa Vigwaza kwenye kazi ya barabara. Kibibi alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Kwa hiyo alirudi kwao, ajifungue mama yake akiwa karibu. Mwanamvua alikwisha kumshonea mjukuu vijinguo, akaviweka kashani.

Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huo mafua makali yaliingia kijijini. Hayakuwa yale mafua ya kupiga chafya na kupona. Haya yalimwangusha mtu ghafla kwa homa, kwa kichwa, na kwa maumivu ya mwili mzima kama mtu aliyepigwa. Nyumba nyingine waliugua wote. Wengi walipona. Wengine hawakupona. Alikufa mzee mmoja, kisha akafa mtoto mchanga wa jirani.

Mwanamvua alikwenda kwenye msiba wa yule mtoto. Alikaa chumbani na wanawake wenzake, bega kwa bega, dirisha limefungwa. Baadhi yao walikuwa wakikohoa.

Siku chache baadaye alikuwa uani, panga mkononi. Akasema, "Nasikia baridi."

Jua lilikuwa kali. Bwanausi aligeuka kumtazama. Meno ya mkewe yalikuwa yakigongana.

*

Dada yake Bwanausi, Bi Hija, alikuwa anakaa nyumba ya jirani. Aliposikia habari alikuja mara moja. Alifunga dirisha la chumba, akaziba ufa wa mlango kwa kanga kuukuu.

"Upepo usimguse," alisema.

Alichemsha majani, akamfunika mgonjwa blanketi, akamfukiza. Mwanamvua alitoka jasho, akalala kidogo, kisha homa ikapanda tena. Kibibi alilala kitanda kimoja na mama yake ili amwangalie. Walinywa maji kwa kikombe kimoja.

Asubuhi, Mwinjuma alisimamisha lori lake mbele ya nyumba. Mwinjuma alikuwa dereva. Kila siku alipeleka chumvi mjini Bagamoyo.

"Bwanausi, nasikia mama ni mgonjwa. Nina nafasi hapa mbele. Nimpeleke hospitali?"

Bwanausi alitaka kusema ndiyo. Lakini Bi Hija alitoka mlangoni.

"Hospitali kwa mafua?" aliuliza. "Mafua gani hayo ya kupelekwa hospitali? Mwacheni mgonjwa apumzike."

Lori likaenda zake.

Siku ya pili yake alikuja Mikidadi kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mikidadi alikuwa kaka yake Mwanamvua. Zamani alikuwa mpishi melini, akazunguka nchi nyingi. Sasa alifanya kazi bandarini. Alimpenda sana dada yake. Alipomwona amelala, macho mekundu, midomo imekauka, alitoka nje akakaa kwenye baraza.

"Shemeji," alisema mwishowe, "huku tunatibu homa tu. Ulaya wana dawa mpya. Hiyo haishughuliki na homa. Inashughulika na mafua yenyewe. Niliiona kwa macho yangu. Tulikuwa safarini, mafua yakaingia melini, daktari akatugawia vidonge. Wengi hatukuugua kabisa."

Bwanausi alimsogelea. "Vinapatikana Dar?"

"Madukani sijaviona. Lakini meli zinaingia kila siku. Nitauliza."

"Uliza, Mikidadi. Uliza kwa kila meli. Nitangoja."

Tangu hapo Bwanausi alikuwa na tumaini moja tu. Mwinjuma aliposimamisha lori tena, alimwambia, "Ahsante, bwana. Dawa yake inakuja." Mwinjuma alipouliza mara nyingine, alimjibu vilevile. Baadaye Mwinjuma hakuuliza tena. Alipunga mkono tu na kupita.

Kisha homa ya Mwanamvua ikashuka. Alikaa kitandani, akanywa uji. Akaomba atolewe uani aone jua. Nyumba nzima ilifurahi.

"Unaona, Baba Kibibi?" alisema kwa sauti ndogo. "Hata hiyo dawa ya Wazungu sikuihitaji."

Bi Hija alipiga kigelegele. Bwanausi alirudi kwenye kifuo chake, akafua nazi chache.

Lakini baada ya siku moja baridi ilimrudia Mwanamvua, kali kuliko ya kwanza. Safari hii kulikuwa na jambo jipya. Kila alipovuta pumzi alishika ubavu.

"Kinanichoma," alisema. "Hapa. Kama mkuki."

Alikohoa, akatema makohozi yenye rangi ya kutu. Alihema kama mtu aliyepanda mlima, naye amelala. Hakuna aliyejua kwamba huo ulikuwa ugonjwa mwingine.

Bwanausi alivaa kanzu yake. "Nakwenda Dar," alisema. "Nitamfuata Mikidadi. Sirudi bila dawa."

Kibibi alimshika mkono. "Baba, usiende. Tumpeleke mama mjini. Tazama anavyohema."

"Mwanangu, huko mjini watampa aspirini. Mimi nakwenda kuleta dawa yenyewe."

*

Dar es Salaam, Bwanausi aliingia duka la dawa moja, akatoka, akaingia jingine. Katika duka la tatu muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dawa hiyo nimeisoma, mzee," alisema. "Ni kweli ipo. Hapa nchini sijapata kuiona. Lakini niambie, mgonjwa wako anapumuaje?"

"Anahema sana. Ubavu unamchoma."

Yule bwana aliacha kazi aliyokuwa akifanya. "Basi acha kutafuta. Rudi nyumbani leo hii, umpeleke hospitali. Hiyo ni homa ya mapafu."

Bwanausi alimshukuru. Akatoka nje. Akaenda bandarini.

Mikidadi alikuwa amepata meli yenye daktari. Walimngoja penye lango mpaka akashuka. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye haraka. Mikidadi alizungumza naye Kiingereza, akageuka kwa Bwanausi.

"Anauliza, mgonjwa ameugua tangu lini?"

"Mwambie ni siku nyingi sasa."

Daktari alitikisa kichwa, akasema maneno mengi. Mikidadi akawa mzito kuyatafsiri.

"Anasema dawa hii ni ya mwanzo wa ugonjwa. Siku ya kwanza, ya pili. Ikipita hapo, haina kazi. Anasema..."

"Anayo?" Bwanausi alimkatiza.

"Anayo. Lakini anasema tumpeleke hospitali."

"Mwambie atupe tu. Mwambie ni mama wa watu. Mwambie tafadhali."

Daktari aliwatazama wote wawili. Alirudi melini, akaleta bahasha ndogo. Ndani mlikuwa na vidonge vichache vyekundu, laini, vinavyong'aa. Bwanausi aliipokea kwa mikono miwili. Aliishika mkononi ndani ya basi mpaka Bagamoyo. Aliogopa kuitia mfukoni.

Alipofika Kaole alimpa mkewe kidonge kwa maji. Mwanamvua alikimeza kwa shida. Kisha wote wakakaa wakingoja dawa ifanye kazi. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Akapewa kingine. Kibibi alimpepea mama yake kwa kipepeo cha ukili. Bi Hija alisoma dua.

Dawa haikufanya kazi. Kulipokucha tena, midomo ya Mwanamvua ilikuwa imegeuka rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Alikuwa akimwita mama yake, aliyekufa zamani. Hapo Bwanausi alitoka mbio mpaka barabarani, akasimama katikati ya njia, akalizuia lori la chumvi kwa mikono yake.

*

Hospitalini Bagamoyo walimpokea mara moja. Nesi mmoja, Bi Mwajabu, alimvua blanketi, akamwegemeza kwenye mito ili apate pumzi. Daktari aliweka kipimo chake kifuani, akasikiliza upande huu na upande ule. Akaamuru sindano ya penisilini na hewa ya mtungi.

"Tutajitahidi," alimwambia Bwanausi. "Lakini mapafu yote mawili yamejaa. Tungempata mapema tungekuwa na nguvu zaidi."

Mwanamvua alipata nafuu kidogo. Alifumbua macho, akamtafuta Kibibi.

"Nguo za mtoto," alisema. "Ziko kashani. Chini ya kanga zangu."

"Ndiyo, mama. Najua."

Hakusema tena. Kabla ya adhana ya alasiri alikata roho. Mumewe alikuwa ameshika mguu wake, kwa kuwa mikono yote miwili aliishika Kibibi.

Bi Mwajabu alimfunika. Aliwaacha walie. Lakini alikuwa akimtazama Kibibi, na Kibibi alikuwa akikohoa. Bi Mwajabu alimgusa paji la uso. Lilikuwa moto.

"Umeanza lini kukohoa, mwanangu?"

"Jana."

"Na mimba yako ni miezi mingapi?"

"Minane."

Bi Mwajabu alimwita Bwanausi nje, wakakaa kwenye benchi. Bi Hija alikuja pia, na kanga yake kichwani, macho yamevimba.

"Baba," nesi alisema, "Mungu akupe subira. Sikutaka kuzungumza nawe saa hii. Lakini binti yako ana ugonjwa uleule, na mimba kubwa. Nataka alale hapa."

"Alale hapa?" Bi Hija aliuliza. "Mama yake anakwenda kuoshwa! Mtoto wa pekee asiwepo msibani? Tutasema nini kwa watu?"

Bwanausi alimgeukia nesi. Aliitoa ile bahasha, akamwonyesha nesi. 

"Vimebaki hivi," alisema. "Vya mama yake. Ndio kwanza ameanza. Daktari wa meli alisema ni dawa ya siku za mwanzo. Mpe yeye."

Bi Mwajabu alivichukua, akaenda kwa daktari. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alimrudishia bahasha.

"Daktari anaijua dawa hii. Anasema hawezi kumpa mwenye mimba. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hapa hatumpi."

Bwanausi aliitazama ile bahasha. Aliacha nyumba yake kuitafuta. Alimwacha mkewe anahema. Sasa ilikuwa mkononi mwake, na haikumfaa mke wala mtoto.

"Basi hakuna dawa," alisema. "Naye atakufa."

"Nisikilize, baba," Bi Mwajabu alisema, akamsogelea. "Mafua makali haya yanaletwa na virusi. Ni vijidudu vidogo mno. Sisi hapa hatuna dawa ya kuviua. Penisilini haiviui. Aspirini haiviui. Mwili wenyewe ndio unaopigana navyo, na watu wengi wanashinda, wakipumzika na kunywa vya kutosha."

"Mwanamvua alipumzika. Alikunywa uji. Hata homa ilishuka."

"Ilishuka, kisha ikarudi?"

"Ikarudi."

"Ilipoanza kurudi, huo ulikuwa ugonjwa wa pili. Mafua yanaudhoofisha mwili. Yanaacha mlango wazi. Vijidudu vingine vinaingia mapafuni. Ndicho kile watu wanachokiita kichomi. Mtu anahema haraka. Kifua kinamchoma. Anatema makohozi ya kutu au damu. Midomo inageuka rangi. Huo wa pili, baba, dawa yake tunayo. Ni penisilini, na iko hapa Bagamoyo. Haitoki Ulaya kwa kuombwa melini. Lakini inataka mtu afike mapema."

Bwanausi aliinamisha kichwa mpaka magotini. Lori la Mwinjuma lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yake asubuhi baada ya asubuhi.

"Kwa hiyo ningemleta," alisema, "angepona."

Bi Mwajabu hakutaka kumdanganya. Wala hakutaka kumvunja.

"Angeweza kupona," alisema. "Wengine tunawapata mapema na bado wanatuponyoka. Mungu ndiye ajuaye. Lakini huyu wa ndani yuko hapa leo, na ni mapema. Wenye mimba, wazee na watoto wachanga ndio wanaoshikwa vibaya. Ukimchukua sasa, atakaa chumba kimejaa watu, atalia, hatakula, hatalala. Kichomi kikimwingia huko Kaole, utamleta kama ulivyomleta mama yake."

Bi Hija alilia kwa sauti. "Dua zangu zote zile!"

"Dua haikatazwi, mama," Bi Mwajabu alimwambia kwa upole. "Hata mimi namwombea kila ninayemchoma sindano. Omba, na huku mgonjwa anapelekwa."

Bwanausi alisimama. Alikwenda kwa Kibibi, akamkuta amekaa sakafuni karibu na kitanda cha mama yake.

"Mwanangu, utabaki hapa."

Kibibi aliinua uso. Hakuelewa. "Nibaki? Na mama?"

"Mama nitamzika mimi."

"Baba, usinifanyie hivyo! Nimwoshe mama yangu. Nimwoshe tu, kisha nitarudi. Baba!"

Bwanausi alimkumbatia, lakini hakubadili neno. Alitoka na maiti ya mkewe ndani ya lori la Mwinjuma. Walipofika njiani bado walisikia sauti ya Kibibi.

*

Mwanamvua alizikwa kesho yake asubuhi. Watu walikuja wengi, na wengi waliuliza, "Kibibi yuko wapi?"

Maneno yalizunguka. Ndugu wa Mwanamvua walinung'unika. Mikidadi alikaa pembeni, hakuweza kumtazama mtu. Bi Hija mwenyewe, kwa uchungu na kwa haya, alisema mbele ya wanawake, "Ni amri ya baba yake. Amemfungia mtoto hospitali, mama yake anazikwa kama asiye na uzazi."

Bwanausi aliyasikia. Alisimama mbele ya baraza.

"Jamaa zangu," alisema, "nimezika mmoja. Sitaki kuzika wawili, wala watatu. Kama kosa ni langu, niachieni mimi. Lakini nawaomba jambo moja. Mwenye homa au kikohozi asiingie chumbani na watu. Akae kwake, hatutamhesabia kosa. Na madirisha ya nyumba hii yafunguliwe yote."

Wengine waliondoka wamekasirika. Matanga yalikuwa ya watu wachache.

Kila siku Bwanausi alikwenda hospitali. Kibibi hakutaka kuzungumza naye. Alimpa mgongo, akageukia ukutani. Homa yake ilikuwa kali. Bi Mwajabu alimpa maji ya kunywa kidogo kidogo, mchana kutwa. Alimwekea kitambaa cha kuzibia kikohozi, na kikombe chake mwenyewe. Kila mara alikaa karibu naye, akatazama kifua chake kinavyopanda na kushuka.

Siku moja Kibibi alisema, "Ubavu unanichoma." Aliogopa sana, kwa maana aliwahi kuyasikia maneno hayo. Bi Mwajabu alimwita daktari. Kabla chakula cha mchana hakijagawanywa, Kibibi alikuwa amekwisha pigwa sindano ya kwanza ya penisilini.

Kitwana alikuja kutoka Vigwaza na vumbi la barabara mwilini. Yeye na Bwanausi walikaa nje chini ya ukuta.  Bwanausi alihesabu tasbihi, akasahau alipofika, akaanza tena.

Siku zilipita, na sindano ziliendelea. Kisha pumzi za Kibibi zikaanza kutulia. Kile kichomi kikapungua. Siku moja alimgeukia baba yake.

"Nani alimwosha mama?" aliuliza.

"Shangazi yako Hija. Na mke wa Mwinjuma."

"Walimfukiza udi?"

"Walimfukiza. Nilisimama mlangoni, nikauliza kila kitu. Nilijua utaniuliza."

Kibibi alilia, lakini safari hii alimwacha baba yake amshike mkono.

Alijifungua hospitalini hapo kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo sana, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. Lakini alilia, na alinyonya. Kitwana alimwadhinia sikioni. Bwanausi alimpokea, akamtazama, akamrudisha upesi kwa Kibibi. Furaha ilimwumiza. Mtu aliyetaka kumwonyesha mtoto huyo hakuwapo.

*

Mafua hayakuondoka Kaole siku ile. Yaliendelea kuzunguka nyumba hadi nyumba. Kibibi aliporuhusiwa, Kitwana alimchukua yeye na mtoto wakaenda Vigwaza, na nyumbani kwa Bwanausi pakawa kimya. Alifua nazi mwenyewe, akazipasua mwenyewe. Jioni alipita kwa majirani. Hakuhubiri. Aliuliza tu, "Mgonjwa wenu anapumuaje? Homa imeshuka? Imerudi?" Watu wengine walimpokea. Wengine waliona amechanganyikiwa kwa msiba.

Walikuja pia watu kumwuliza vile vidonge vya melini.

"Tusaidie, Bwanausi. Tunasikia una dawa ya Ulaya."

"Nilikuwa nayo," aliwajibu. "Nimemwachia daktari. Mgonjwa wenu anahema? Basi msiniulize mimi dawa. Lori la Mwinjuma linapita asubuhi."

Bi Hija hakuwa amezungumza naye tangu matangani. Lakini asubuhi moja alikuja akikimbia, kichwa wazi, kanga imeanguka. Alikuwa amembeba mjukuu wake, Tatu.

"Bwanausi! Ndugu yangu! Juzi alikuwa mzima, anacheza. Leo homa imemrudia. Tazama mbavu zake."

"Shikamoo, dada," Bwanausi alisema. Alimfunua mtoto kifua. Kila Tatu alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu iliingia ndani. Mabawa ya pua yalikuwa yakicheza.

"Nimwite mwalimu wa Kurani amwandikie kombe la kunywa kwanza?" Bi Hija aliuliza. "Au nimfukize?"

"Twende."

"Nivae, basi..."

"Utajifunga kanga njiani. Twende, dada."

Lori lilikuwa limekwisha pita. Bwanausi alimpandisha dada yake na mtoto kwenye baiskeli yake, akaisukuma huku akitembea mpaka mjini, mchanga unazama chini ya magurudumu.  Bi Hija alimwegemeza mtoto begani, wima, kama Bwanausi alivyomwagiza, apate pumzi.

Bi Mwajabu aliwapokea mlangoni. Alimsikiliza mtoto, akamtazama Bwanausi, akatikisa kichwa kukubali. Akaingia naye ndani.

Bwanausi hakuingia. Tangu Kibibi aliporuhusiwa, hakuweza tena kupita ule mlango. Alikaa nje kwenye benchi. Jua lilipanda. Watu walipita na vyombo vya chakula vya wagonjwa wao. Aliwaza kwamba safari ile kutoka Kaole ilikuwa fupi sana. Aliona haya kwa ufupi wake.

Walikaa mpaka alasiri, na siku iliyofuata, na nyingine. Kila alipokuja, Bwanausi alikaa palepale. Hatimaye Bi Hija alitoka, uso umelegea kwa uchovu.

"Anapumua vizuri," alisema. "Nesi anasema hatari imepita. Amemaliza uji wote."

"Alhamdulillahi."

Bi Hija alikaa karibu na ndugu yake.  Kisha akafunika uso kwa ncha ya kanga.

"Mimi ndiye niliyemzuia Mwinjuma siku ile ya kwanza," alisema. "Nilisema mafua gani ya kupelekwa hospitali. Na matangani nikakuaibisha. Nisamehe, Bwanausi."

"Ulimzuia siku moja, dada. Siku zilizobaki nilimzuia mimi."

"Tutafanya nini sasa?"

 Bwanausi alitazama mikono yake, yenye sugu za kufua nazi.

"Akiugua mtu, tutamfungulia dirisha. Tutampa cha kunywa. Tutamtazama anavyopumua. Akianza kuhema, au homa ikimrudia, hatutangoja kitu. Hatutangoja dawa ya mtu yeyote. Tutamleta hapa." Alimtazama dada yake. "Mwanamvua harudi. Lakini tutafanya hivyo."

Kutoka ndani sauti ya Tatu ilisikika, dhaifu, ikimwita bibi yake. Alikuwa anataka dafu.

Bwanausi aliinuka. "Kaa naye," alimwambia dada yake. "Nakwenda kumtafutia."